Winmail.dat, ATT00001 na image001: jinsi ya kuondoa viambatisho ambavyo hukuvituma

Ilikuwa saa nne kasoro robo asubuhi, katika duka la vipuri Kirinyaga Road, Nairobi. Mwenye duka, mteja wangu wa miaka mingi, alikuwa na zabuni ya kupeleka kabla ya saa tano, na kilichokuwa kimebaki ni orodha ya bei kutoka kwa msambazaji wake wa Industrial Area. Barua pepe ilikuwa imeshafika. Ndani yake kulikuwa na mistari miwili ya salamu, na chini kiambatisho kimoja kiitwacho winmail.dat. Kila akikibofya, simu inamwambia haina programu ya kukifungua. Akampigia msambazaji.

"Mkubwa, ile faili yako haifunguki huku."

"Haiwezekani bwana. Mimi hapa naiona, ni PDF safi kabisa."

"Basi nitumie tena."

Ikatumwa tena: winmail.dat. Ikatumwa mara ya tatu: winmail.dat. Mwishowe karatasi zilichapwa huko huko na kuletwa kwa bodaboda, zikafika dakika kumi kabla ya saa tano. Jioni ile nilipita kwa yule msambazaji nikabadilisha mpangilio mmoja katika Outlook yake, programu ya barua pepe ya Microsoft. Kazi ya dakika mbili.

Wote wawili walikuwa wakisema kweli. Aliyetuma aliona PDF, aliyepokea hakuiona. Ndiyo maana tatizo hili huzaa ugomvi: kila mmoja anaamini mwenzake hajui kompyuta. Mwongozo huu ni kwa pande zote mbili, ila nitakaa zaidi kwa mtumaji, maana kwake ndiko dawa iliko. Majina ya vitufe nimeyaacha kwa Kiingereza kama yanavyoonekana kwenye skrini, kwa kuwa kompyuta nyingi za ofisi hapa Nairobi zimewekwa kwa lugha hiyo.

Soma jina la kiambatisho kabla ya kugusa kitu

Watu wengi wakiona faili wasiyoijua hukimbilia kusema ni virusi. Tahadhari ni nzuri, na kama humjui aliyetuma, futa uendelee na kazi zako. Lakini ikiwa imetoka kwa mtu uliyekuwa ukingoja barua yake, jina la faili litakuambia karibu kila kitu.

Winmail.dat maana yake mtumaji anatumia Outlook, na barua yake imetoka katika mtindo uitwao Rich Text. Faili zake halisi zimo humo ndani.

ATT00001.txt au ATT00001.htm, na wadogo zake ATT00002 na kuendelea, ni vipande vya maandishi ya barua yenyewe vilivyokatwa vikageuzwa kuwa viambatisho. Mara nyingi mtumaji anatumia iPhone au Mac.

Image001.png, image002.jpg na jamaa zao ni picha zilizokuwa ndani ya barua, aghalabu nembo ya kampuni kwenye sahihi.

Smime.p7s, signature.asc, invite.ics na faili za .vcf ni jambo jingine kabisa. Nitazigusa mwishoni, maana baadhi hazipaswi kuondolewa.

Kwa nini winmail.dat hutokea

Barua pepe ilizaliwa ikiwa maandishi matupu. Uwezo wa kubeba picha na faili kwa utaratibu unaoeleweka na kila mtu ulikuja na kanuni ziitwazo MIME, zilizochapishwa mwaka 1992 na Nathaniel Borenstein na Ned Freed. Kwa kanuni hizo barua hugawanywa sehemu sehemu, na kila sehemu huandikwa juu yake ni kitu gani: hii ni maandishi, hii ni picha, hii ni PDF na jina lake ni hili. Gmail, Yahoo, Thunderbird na simu yako zote husoma lebo hizo.

Microsoft wana kanuni yao nyingine, TNEF. Outlook ikiandika barua kwa Rich Text, hukusanya mapambo ya maandishi, vitufe vya kupigia kura na viambatisho vyote, ikavifunga pamoja katika faili moja na kuipa jina winmail.dat. Huyo anayepokea kwa Outlook iliyounganishwa na seva ya Exchange, mfumo wa Microsoft wa barua za ofisi, hatajua lolote, kwa sababu mfumo wake unafungua furushi hilo kimya kimya. Anayepokea kwa programu isiyojua TNEF anabaki ameshika furushi.

Sasa unaona kwa nini mtumaji hakubali kosa. Kule ofisini kwake, kutoka meza ya mhasibu hadi meza ya bosi, kila kitu kinapita Exchange na kila mtu anafungua. Hata akijitumia mwenyewe ili ahakikishe, ataona PDF. Barua huharibika inapotoka nje ya lango.

Kuna lingine linalowachanganya watu. Neno Rich Text linasikika kama ndilo bora, mtindo wenye utajiri. Mtu anataka herufi nzito na rangi, anaona HTML (jina la ajabu) na Rich Text (jina zuri), anachagua la pili. Herufi nzito, rangi, jedwali na picha zote zinapatikana kwenye HTML, na HTML inasomeka karibu kila mahali. Kwa barua za kutoka nje sijaona sababu ya kutumia Rich Text tangu nianze kazi hii.

Ukiwa mpokeaji na huna muda wa kungoja

Kwanza, usibadilishe jina la faili. Nimeona kwenye saiba za mjini mhudumu akigeuza winmail.dat kuwa winmail.pdf na kumwambia mteja ajaribu tena. Haifanyi kazi, kama vile kubandika karatasi ya "sukari" kwenye gunia la mahindi kusivyogeuza mahindi kuwa sukari.

Njia ya haraka zaidi ni kumwomba mtumaji atume tena, lakini sharti umwambie abadilishe nini. Ukisema tu "tuma tena" utapata kilekile. Mwandikie hivi, au msomee kwa simu:

"Habari yako. Barua yako imenifikia ikiwa na faili ya winmail.dat badala ya PDF. Tafadhali fungua barua mpya kwenye Outlook, bofya Format Text, chagua HTML, kisha uambatishe faili upya na unitumie. Usiforwadi ile ya mwanzo. Asante sana."

Sentensi ya mwisho kabla ya asante ina uzito. Akiforwadi barua ya zamani, mtindo wa zamani unaweza kwenda nayo. Na kama mtumaji ni mkubwa kwako, mwenye ofisi au mteja unayemnyenyekea, anza na "samahani kwa usumbufu" na usiseme kosa ni lake. Sema mfumo wako haukuweza kuifungua. Atafanya haraka zaidi.

Kama mtumaji hapatikani, furushi linaweza kufunguliwa. Kwenye Mac kuna programu ya TNEF's Enough. Anayetumia Thunderbird anaweza kuongeza kijalizo kiitwacho LookOut. Kwenye Linux sakinisha tnef, kisha katika dirisha la amri andika tnef winmail.dat, na faili zilizomo zitatoka kwenye folda uliyomo. Ukitaka kuona tu kilichomo bila kukitoa, andika tnef -t winmail.dat. Kwa simu za Android tafuta jina winmail kwenye Play Store, utapata programu kadhaa za kazi hiyo.

Zipo pia tovuti ambako unapakia winmail.dat nazo zinakurudishia faili zilizomo. Kwa katalogi ya matairi, sawa. Kwa payslip, nakala ya kitambulisho, mkataba au matokeo ya hospitali, hapana. Unapopakia, unampa mtu usiyemjua nakala ya karatasi za mtu mwingine, na Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Sitaki uwe wewe wa kueleza jinsi pini ya KRA ya mteja ilivyofika huko.

Huenda ukaifungua winmail.dat na usikute chochote ndani ila mapambo ya maandishi. Hilo ni la kawaida. Barua ya Rich Text inaweza kubeba winmail.dat hata kama mtumaji hakuambatisha kitu, na hapo hukupoteza lolote.

Ukiwa mtumaji: anzia karibu, uende mbali

Huu ndio moyo wa mambo. Mipangilio ya mtindo katika Outlook imekaa sehemu nne, na moja inaweza kuishinda nyingine. Wengi hurekebisha ya kwanza, wakaona bado, wakakata tamaa. Zifuate kwa mpangilio huu. Maelezo ni ya Outlook ya kawaida ya Windows, ile ambayo sasa huitwa Outlook (classic).

1. Barua iliyo mbele yako. Fungua barua mpya na utazame juu kabisa ya dirisha. Baada ya neno Message pameandikwa HTML, Rich Text au Plain Text. Ikiwa ni Rich Text, bofya kichupo cha Format Text na uchague HTML. Kuna dalili nyingine ambayo haikosei: ambatisha faili yoyote. Katika HTML faili inakaa juu, chini ya mstari wa Subject. Katika Rich Text inaingia katikati ya maandishi kama ikoni, pale pale kishale kilipo. Ukiona PDF yako imekaa katikati ya sentensi, jua huenda mtu wa nje asiione.

2. Mtindo wa barua zote mpya. Nenda File, kisha Options, kisha Mail. Kwenye "Compose messages in this format" chagua HTML. Usifunge bado. Teremka hadi sehemu ya Message format, utafute mstari unaoanza na "When sending messages in Rich Text format to Internet recipients" na uweke "Convert to HTML format". Mstari huu ndio ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu hata siku moja mtu akiandika kwa Rich Text kwa bahati mbaya, Outlook mara nyingi itageuza kabla ya barua kutoka nje. Bofya OK.

3. Mpangilio wa mtu mmoja mmoja. Hapa ndipo penye fumbo la "kwa wengine inaenda sawa, kwa huyu mmoja haiendi". Outlook inaruhusu kila anwani kuwa na mtindo wake. Fungua barua mpya, weka anwani ya huyo mtu, bofya juu yake kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uchague Open Outlook Properties. Katika matoleo ya zamani unafungua Contacts, kisha unabofya anwani yake mara mbili. Tafuta Internet format. Ikiwa imewekwa kutuma kwa Outlook Rich Text Format, ibadilishe iwe "Let Outlook decide the best sending format".

4. Kumbukumbu ya anwani. Ukianza kuandika herufi mbili tatu kwenye To, Outlook inakuletea orodha ya anwani ulizowahi kutumia. Orodha hiyo inaweza kukumbuka na mtindo wa zamani wa anwani. Andika herufi za mwanzo, jina likitokea usilibofye, bofya alama ya X iliyo kando yake ili lifutike. Kisha andika anwani yote kwa mkono, herufi kwa herufi, utume.

Ukifika hatua ya nne na bado mtu anapokea winmail.dat, usijilaumu. Ama ulijibu barua ya zamani, ama tatizo liko kwenye seva.

Kuhusu kujibu barua: Outlook ukijibu hufuata mtindo wa barua iliyokuja. Mwenzako wa ofisini akikutumia kwa Rich Text, nawe ukaiforwadi kwa mteja wa Eastleigh, unaendeleza Rich Text ingawa kompyuta yako umeshaiweka HTML. Kwa hiyo jizoeze kutazama juu ya dirisha kila unapoforwadi barua ya ndani kwenda nje.

Wanaotumia Outlook ndani ya kivinjari wana nafuu, kwani huko kuna HTML na maandishi matupu tu, Rich Text haipo. Saa zikiwa zinakimbia na zabuni inafungwa, ingia akaunti yako kupitia Chrome au Firefox, utume kutoka huko, halafu urudi kutafuta kosa kwa utulivu baadaye.

Ofisi yenye watu wengi: rekebisha kwenye seva

Sehemu hii ni ya anayesimamia Microsoft 365 au Exchange ya kampuni. Kama si wewe, mtumie aya hizi mbili.

Kuzunguka meza 40 ukibofya File na Options ni kazi ya kuchosha, na mfanyakazi mpya akija unaanza upya. Exchange ina mpangilio wa vikoa vya nje. Ingia Exchange admin center, nenda Mail flow, kisha Remote domains, fungua Default. Tafuta sehemu ya rich-text format. Kwa kawaida imewekwa kufuata mipangilio ya kila mtumiaji, na hiyo ndiyo inayoacha mlango wazi. Weka Never. Anayependa PowerShell ataandika mstari mmoja:

Set-RemoteDomain -Identity Default -TNEFEnabled $false

Default ni kikoa chenye alama ya nyota, yaani dunia yote ya nje. Ikiwa mna kampuni dada ambayo nayo iko kwenye Exchange na mnatumiana vitufe vya kupigia kura, itengenezee kikoa chake kwenye orodha hiyo hiyo muiache ifuate mipangilio ya watumiaji. Angalia pia watu wa nje walioorodheshwa kwenye seva kama mail contacts. Kila mmoja ana mpangilio wake uitwao UseMapiRichTextFormat, nao unatakiwa uwe Never kwa yule anayelalamika peke yake.

ATT00001: barua iliyokatwa vipande

Winmail.dat inasumbua. ATT00001 ni ya hatari, kwa sababu inadharauliwa.

Chukua mfano wa fundi wa alumini anayetuma kwotesheni kwa iPhone. Anaandika salamu, anaweka picha ya dirisha, chini ya picha anaandika: "Bei hii haina VAT, na ni ya wiki mbili tu." Mteja anapokea kwenye Outlook. Anaona salamu, anaona picha, na pembeni kiambatisho cha ATT00001.txt cha kilobaiti moja. Nani anafungua kitu kama hicho? Anakubali bei, anaandaa LPO (hati ya kuagiza), kisha invoisi inakuja na asilimia 16 juu yake.

Chanzo ni mpangilio wa vipande. Programu ya barua ya Apple ikikuta picha au faili katikati ya maandishi, inaigawa barua: maandishi ya juu, kiambatisho, maandishi ya chini. Hiyo ni halali kabisa kwa kanuni za MIME. Lakini Exchange na Outlook, zikishachukua maandishi ya kwanza kuwa ndiyo barua, kilichobaki chini huwa zinakihesabu kuwa kiambatisho. Kwa kuwa hakina jina, kinabatizwa ATT na tarakimu. Hata yale maneno "Sent from my iPhone" yakikaa chini ya picha yanatosha kuzaa ATT00001.

Kwa mtumaji wa iPhone dawa ni ya mikono: andika maneno yako yote kwanza, teremsha kishale hadi chini ya sahihi, ndipo uweke picha au faili. Au futa kabisa sahihi ile ya kiwandani, kwenye Settings ya simu sehemu ya Mail, Signature. Mteja wako hahitaji kujua una simu gani.

Kwenye Mac, fungua Mail, nenda menyu ya Edit, kisha Attachments, na uweke alama kwenye chaguo la kupeleka viambatisho mwisho wa barua. Kuanzia hapo utaweza kuburuta PDF popote, nayo itakwenda chini yenyewe.

Kwa mpokeaji ushauri ni mmoja: ukiona ATT00001.txt kutoka kwa mtu unayemjua, isome. Faili ya .txt ni maandishi tu. Ile ya .htm ifikirie mara mbili, hasa kama hukuwa ukitarajia barua, kwa maana kurasa za namna hiyo hutumiwa pia na matapeli kutengeneza fomu bandia za kuiba nywila. Ikikuomba uingize nywila, ifunge.

Image001 na uzito wa nembo

Hii ni ndogo kwa udhia, lakini ni ghali kwa bando. Kampuni nyingi mjini zina sahihi yenye nembo, alama za Facebook na X, na picha ya mtu anayetabasamu. Kila kimojawapo ni faili inayosafiri na barua. Katika HTML inayosomwa sawasawa huonekana mahali pake. Mpokeaji aliyeweka maandishi matupu, au anayetumia programu isiyounganisha picha na maandishi, anaziona zikiwa zimepangana chini: image001.png, image002.png, image003.png. Anatafuta mkataba wako katikati ya rundo.

Halafu kuna uzito. Faili ndani ya barua pepe hugeuzwa kuwa herufi kabla ya kusafiri, na ugeuzaji huo hufanya kila baiti tatu ziwe nne, yaani theluthi moja zaidi. Nembo ya kilobaiti 300 inasafiri ikiwa na 400. Ofisi ya watu 20 wanaotuma barua 30 kila mmoja kwa siku inabeba takriban megabaiti 240 za nembo pekee, na bado hujahesabu majibu yanayorudi na nembo zile zile ndani yake.

Ninachowashauri wateja wangu ni sahihi ya maandishi: jina, cheo, simu, tovuti. Inasomeka kila mahali na nambari inabofyeka kwenye simu. Bosi akikataa, na mara nyingi hukataa kwa sababu alimlipa mtu kuchora hiyo nembo, basi punguza. Picha moja, si sita. Upana wa pikseli 200 hivi. Ihifadhi kama PNG ndogo isiyozidi kilobaiti 10 au 15. Kwenye Outlook sahihi iko File, Options, Mail, Signatures. Kwenye Gmail bofya gurudumu la mipangilio, "See all settings", General, teremka hadi Signature. Pale pale weka sahihi fupi isiyo na picha kwa ajili ya majibu, maana programu zote mbili zinaruhusu sahihi tofauti kwa barua mpya na kwa majibu. Hatua hiyo moja huondoa takataka nyingi.

Njia ya kuweka nembo kwenye tovuti na kuiita kwa kiungo ipo, ila programu nyingi za barua huzuia picha za nje hadi mpokeaji aruhusu, na nembo yako itaonekana kama kisanduku kitupu chenye msalaba. Mimi siipendi.

Kunakili kutoka Word nako huleta picha usizozijua: mistari ya mapambo, visanduku, alama. Bandika maandishi matupu kwa Ctrl, Shift na V kwenye Gmail, au uchague Keep Text Only kwenye Outlook, kisha upambe upya. Na kama umewahi kupokea barua yenye herufi J peke yake mwisho wa sentensi ukashangaa ni ya nani, hiyo ni tabasamu. Outlook hugeuza nukta pacha na mabano kuwa alama ya fonti ya Wingdings, na kwenye simu isiyo na fonti hiyo inabaki J. Mama mmoja wa duka la vitambaa Biashara Street aliniuliza kwa nini kila karani wa benki anasaini J.

Zile za kuachwa

Smime.p7s ni sahihi ya kidijitali inayothibitisha mtumaji ni nani na kwamba barua haikuguswa njiani. Signature.asc ni ya aina hiyo kwa mfumo wa PGP. Hazifunguki kwa kubofya, na hakuna haja ya kuzifungua. Ikiwa wewe ndiwe unayezituma bila kujua, angalia File, Options, Trust Center, Trust Center Settings, Email Security, na uone kama "Add digital signature to outgoing messages" ina alama. Lakini uliza kwanza. Kuna ofisi zinazolazimisha jambo hilo kwa sababu zao. Invite.ics ni mwaliko wa mkutano. Faili ya .vcf ni kadi ya mawasiliano. Kwenye Thunderbird inaondolewa katika mipangilio ya akaunti, palipoandikwa kuambatisha vCard.

Kupima kama umepona

Usijipime kwa kujitumia barua ndani ya ofisi. Fungua akaunti ya bure ya Gmail kwa kazi hii tu, utume barua yenye herufi nzito, PDF moja na sahihi yako ya kawaida. Ifungue kwenye simu. PDF ikifunguka, vizuri. Kisha kwenye kompyuta, ndani ya Gmail, bofya vinukta vitatu vilivyo kando ya barua, chagua "Show original" na utafute maneno application/ms-tnef kwa Ctrl na F. Yakikosekana, barua yako haina winmail.dat. Yakiwepo, rudi hatua ya tatu na ya nne, na zisipofaa mpelekee msimamizi wa seva ukurasa huo kama ushahidi.

Jaribu pia kwa kujibu barua, na kwa kuforwadi barua ya mwenzako wa ndani. Yule msambazaji wa Industrial Area alifaulu jaribio la kwanza jioni ile ile. Kesho yake aliforwadi katalogi iliyotoka kwa karani wake, mteja wangu akanipigia kabla sijamaliza chai: "Fundi, ile kitu imerudi." Nikaenda kurekebisha kompyuta ya karani.